Simba Hakalishwi Kiti

Haya, wajukuu wa Kambarage, sogeeni karibu. Ukitaka picha hapa Shinyanga mjini unakwenda studio, unakalishwa, unaambiwa usitikisike. Sasa anayetakiwa kuchorwa akiwa simba, nani atamwambia atulie?

Simba mnayemjua ninyi ni yule wa noti ya 2,000. Wachoraji wengi wa Ulaya nao walimjua wa bustani ya wanyama tu, simba wa kuletewa nyama. Mjerumani Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa mwaka 1865, aliona hao hawatoshi. Akapanda meli kuja huku, ambako Wajerumani wenzake ndio waliokuwa wakitawala. Alikuja 1891, akarudi 1905, akarudi tena 1911.

Porini alichora upesi upesi: mguu ulivyokanyaga, nyasi kavu, mwanga wa jua kali. Picha kubwa za rangi ya mafuta alizimalizia kwao. Rangi hiyo ni unga wa rangi uliokorogwa na mafuta ya mbegu za kitani. Msichukue ya karanga jikoni kwa mama, hayo hayakauki ng'o! Ya kitani hunyonya oksijeni hewani, yakaganda polepole, siku baada ya siku, mpaka yakawa utando mgumu. Kwa kuwa hayana haraka, mchoraji anapata nafasi ya kurudi, kulainisha kivuli cha shavu, kuongeza unywele mmoja wa shingoni. Ndiyo maana simba wa Kuhnert ana sura yake mwenyewe. Ukimwona unasema ni huyu, si yule.

Mwaka 1918 alitoa kitabu, na kwa jina la kitabu hicho aliiita nchi yetu nchi ya waliomkalia awachore. Waliomkalia! Wengine aliwapiga risasi kwanza, ndipo akawasogelea na kuwachunguza. Bunduki na brashi vilisafiri pamoja.

Na safari ya 1905 ilikutana na Vita vya Maji Maji. Kuhnert alikuwa Mahenge, upande wa boma la Wajerumani, na mapigano ya huko aliyachora pia. Mimi picha hiyo siwezi kuitenga na simba wake, maana jicho ni lile lile.

Michoro yake ilichapwa hata katika vitabu vikubwa vya wanyama vya mwandishi Brehm. Watoto wengi wa Ujerumani walimjua simba kwa michoro hiyo, wala hawajawahi kukanyaga huku.