Mr. Bean si Bubu: Kweli na Si Kweli za Vichekesho vya Uingereza

Bariadi tulichelewa kuwajua wachekeshaji wa Uingereza. Mr. Bean alipoonyeshwa kwao mara ya kwanza, tarehe 1 Januari 1990, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973; Bara tulisubiri hadi 1994. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga, na Mkoa wa Simiyu ukaja kuzaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo watu hawa wametufikia kwa njia ya mzunguko: kanda ya kuazima, kibanda umiza, diski za mnadani, sasa simu. Na kila mkono uliopokea ukaongeza chumvi yake. Ninawapenda waigizaji hawa kiasi cha kutokubali wasemwe visivyo, hasa na sisi tuliocheka nao miaka yote hii.

“Mr. Bean ni bubu.”

Si kweli. Rowan Atkinson, mzaliwa wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza mwaka 1955, alijulikana kwao kwa ulimi kabla dunia haijamjua kwa uso. Katika *Blackadder*, mfululizo wa vichekesho wa BBC ulioanza 1983 na kumalizika 1989, anamwaga maneno makali bila kukosea hata silabi. Ushahidi wa karibu zaidi uko katika *The Lion King* ya mwaka 1994. Yule hondohondo Zazu, mshauri wa mfalme anayehangaika na kulalamika kutwa, sauti ni ya Atkinson. Watoto wetu wanaoishi ubavuni mwa Serengeti wamemsikia “bubu” huyo mara nyingi bila kujua.

Kuna ukweli mmoja nyuma ya uvumi huu. Atkinson ana kigugumizi, na mwenyewe amekieleza hadharani. Amesema kigugumizi humwachia akivaa uhusika wa mtu mwingine. Ninamheshimu zaidi kwa hilo.

“Shule hakwenda yule.”

Si kweli kabisa. Ana shahada ya uhandisi wa umeme ya Chuo Kikuu cha Newcastle, kisha akasoma shahada ya uzamili Oxford. Huko Oxford ndiko alikokutana na Richard Curtis, mwandishi aliyeshirikiana naye katika *Blackadder* na baadaye Mr. Bean. Ukitazama jinsi kisa cha Mr. Bean kinavyopangwa, kosa dogo likizaa kubwa na kubwa likizaa balaa, unauona mkono wa mhandisi.

“Aliwahi kuendesha ndege Kenya.”

Kweli! Watu wengi huniambia hii ni hadithi ya kutunga, kumbe ndiyo iliyo sahihi kuliko zote. Machi 2001 Atkinson alikuwa Kenya mapumzikoni na familia yake. Waliruka kwa ndege ndogo kutoka Ukunda, pwani ya kusini, kuelekea Nairobi, na rubani akazimia angani. Atkinson, ambaye hakuwa rubani, akashika usukani na kuiweka ndege hewani hadi rubani alipozinduka. Chumvi iliyozidi ni ile ya kusema aliitua yeye. Aliyeitua katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ni rubani.

“Mtu wa kijijini Simiyu hucheka tu kwa kuona wengine wanacheka. Ucheshi wa Kizungu hauelewi.”

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, maana kauli hii inaniuma. Mwaka 1987, kabla Mr. Bean hajaingia kwenye televisheni, Atkinson alimpeleka kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada. Akaomba apangwe kwenye ukumbi wa watazamaji wanaosema Kifaransa, ingawa kulikuwa na ukumbi wa Kiingereza. Alitaka kujua kama watu wasiotumia lugha yake watacheka. Walicheka. Mhusika huyu, basi, alipimwa tangu mwanzo kwa watu wa mbali na London, na mtazamaji wa Itilima au Meatu ni miongoni mwa aliokusudiwa. Filamu nyingine za kigeni zilihitaji sauti za wasimulizi kama Lufufu kutusimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Mr. Bean aliingia kibandani peke yake na kazi ikaenda.

Tena Usukumani macho yetu yamezoeshwa zamani. Makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, yameshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, na kipimo cha ushindi ni watazamaji: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Ndiyo maana mchezaji hutafuta kila mbinu, awe na nyoka, sanamu, sarakasi au kichekesho cha mwili mtupu, ili aliyesimama upande wa pili ahame. Bibi aliyekulia kwenye viwanja hivyo anajua uso unaofanya kazi na uso unaojitutumua. Simwoni kama mgeni mbele ya Mr. Bean, namwona kama hakimu.

“Lile gari la buluu la miguu mitatu katika Mr. Bean ni bajaji.”

Si kweli. Ni Reliant Regal, lililotengenezwa Tamworth, Uingereza, lenye bodi ya faiba. Ndugu yake wa rangi ya njano yuko katika *Only Fools and Horses*, kipindi kingine cha vichekesho cha Uingereza.

“Wanafunzi wa *Mind Your Language* walitoka kweli katika nchi zile.”

Wengi wao, si kweli. Kipindi hiki cha miaka ya 1977 hadi 1979, kilichoandikwa na Vince Powell, kinahusu darasa la jioni la wageni wanaojifunza Kiingereza London. Yule Singasinga Ranjeet ni Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. “Mgiriki” ni Kevork Malikyan, Mwarmenia aliyezaliwa Uturuki. “Mhispania” Juan, Ricardo Montez, alitoka Gibraltar. “Mchina” ni Pik-Sen Lim wa Penang, Malaysia, na “Mjapani” ni Robert Lee, Mwingereza mwenye asili ya Kichina. Danielle, “Mfaransa” aliyewachanganya wanaume darasani, ni Françoise Pascal, mzaliwa wa Morisi, kisiwa cha bahari yetu hii hii ya Hindi.

Wapo wanaodai kilifutwa kwa kukosa watazamaji. Nalo si kweli. Kilipendwa sana, ila Michael Grade, mmoja wa wakuu wa kituo kilichokitengeneza, aliona kinawadhalilisha wageni. Nakubali kuwa baadhi ya mizaha yake ni mikali kwa mataifa ya watu. Lakini ninaona pia waigizaji wenye asili ya Asia, ambao televisheni ya wakati ule iliwapa nafasi chache, wakifanya kazi ya kiwango cha juu. Aliyecheza mwalimu Brown, Barry Evans, aliishia kuendesha teksi na akafariki mwaka 1997. Alistahili zaidi ya hapo.

“ITV iliyoonyesha Mr. Bean Uingereza ndiyo ITV yetu.”

Si kweli. Yetu ilianzishwa na Reginald Mengi mwaka 1994. Kufanana kwao ni jina tu.

“Vipindi vya Mr. Bean ni mamia.”

Si kweli. Vile vya watu halisi ni 15 tu, vilivyotengenezwa hadi mwaka 1995, kimoja kikiwa kimeuzwa kwanza kwenye kanda. Katuni zilianza 2002, na zile ndizo nyingi. Ukikuta mnadani diski inayodai kubeba vipindi 100 vya Mr. Bean visivyo katuni, mwombe muuzaji aichomeke kwanza uone.