Kabla ya kurasa tisini, sentensi moja

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma leo gazetini badala ya kunisikia redioni, wiki hii naomba tuzungumzie uandishi wa wasomi wetu. Usinikimbie. Mazungumzo haya yatapita kwenye dagaa, kwenye simu ya mkononi na kwenye kivuko, na kila mwenye mtoto chuoni atapata la kuondoka nalo.

Nilikuwa Kisorya, wilayani Bunda, mkoa wa Mara. Kwa asiyepafahamu, hapo ndipo barabara ya kutoka Bunda inapokutana na ziwa. Ukitaka kuendelea, unasubiri kivuko kikuvushe hadi Rugezi, katika kisiwa cha Ukerewe. Pale mwaloni dada yangu anaanika dagaa, kama wanavyofanya wanawake wengi wa mwambao ule. Wavuvi hutoka na taa usiku wa giza, dagaa hufika alfajiri, na jua likichomoza kazi ya wanawake inaanza. Wanatandaza, wanageuza, wanaangalia mawingu. Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, chakula cha watu kinageuka chakula cha kuku, na bei yake inaanguka.

Kwa dagaa hao dada yangu amemsomesha binti yake. Binti sasa anasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, na utafiti wake unahusu kazi ile ile iliyomlipia karo: jinsi dagaa wanavyoharibika kati ya mtumbwi na soko.

Tulikuwa tunavuka pamoja kwenda kwenye harusi. Tukiwa tunasubiri kivuko, akanipa rasimu yake. "Mjomba," akaniambia, "wewe ni mtu wa maandishi. Msimamizi wangu ameirudisha mara ya pili. Anasema haoni ninachosema."

Zilikuwa kurasa tisini, kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya vyuo vyetu. Sentensi ya kwanza, nikiitafsiri, ilikuwa hivi: "Utafiti huu uliazimia kuchunguza, kubainisha na kutathmini mambo mbalimbali yanayohusiana na changamoto zinazowakabili wadau katika mnyororo wa thamani wa mazao ya uvuvi kwa kuzingatia muktadha wa kijamii na kiuchumi wa maeneo husika." Nikaisoma mara mbili. Nilitafuta dagaa ndani yake sikuwaona. Nilitafuta mama yake sikumwona.

Kivuko kilikuwa kinakuja. Nikamwambia, "Mpwa wangu, funga karatasi hizo. Kabla kivuko hakijafika hapa, niambie umegundua nini." Akaanza na historia ya uvuvi katika ziwa. Akaingia kwenye nadharia. Kivuko kikatia nanga, abiria wakashuka, magari yakashuka, na mpwa wangu alikuwa bado kwenye nadharia.

Jambo lililonishangaza ni kwamba binti huyu huyu ndiye mwandishi bora katika kundi letu la familia la WhatsApp. Wiki moja kabla aliandika: "Mama usiuze leo. Bei Bunda itapanda Jumatano, wanunuzi wanakuja." Hapo kuna nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Ndiyo maswali matano niliyofundishwa nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, na mwalimu wetu alikuwa anatufyekea kila neno lisilojibu mojawapo. Redioni msikilizaji hawezi kurudi nyuma ukurasa. Ukimpoteza, amekwenda.

Kulikoni basi? Binti anayeandika vizuri simuni anapotelea wapi akifika kwenye karatasi ya chuo?

Jibu, nionavyo mimi, liko kwenye mpaka. Simu ina mpaka na ina mtu wa upande wa pili. Wazee wetu waliujua mpaka huu walipokuwa wanapeleka telegramu posta, kwa sababu kila neno lililipiwa. "Baba mgonjwa njoo haraka." Hakuna aliyelipa senti zake kuandika "mambo mbalimbali yanayohusiana na".

Zikaja simu za mkononi. Mwaka 1985 mhandisi mmoja Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa mbele ya taipureta mjini Bonn akawa anaandika sentensi za kawaida kabisa, maswali na maelezo, kisha anahesabu herufi pamoja na nafasi. Aliona kwamba karibu zote hazifiki herufi 160. Huo ndio ukawa mpaka wa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ulikuwa salamu ya Krismasi. Mtandao wa Twitter ulipoanza mwaka 2006 uliuchukua mpaka huo huo, ukaacha herufi 20 kwa ajili ya jina la mwandishi na kumpa nafasi ya herufi 140. Mwaka 2017 nafasi hiyo iliongezwa mara mbili, na mwaka 2023 mtandao wenyewe ukabadilishwa jina kuwa X. Lakini zile herufi 140 zilishawafundisha watu wengi duniani kupima maneno yao kabla ya kuyatoa.

Tukapanda kivuko. Nikampa mpwa wangu kazi moja: amwandikie mama yake aliyebaki mwaloni, kwa Kiswahili, jambo ambalo utafiti wake umegundua, lisizidi herufi 140. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alifuta mara sita. Kivuko kilikuwa katikati ya maji alipopata hii:

"Mama, dagaa wa kichanja hawana mchanga na hukauka hata msimu wa mvua, lakini mbao za kichanja zinawashinda wanawake wengi."

Nimehesabu, ni herufi 122. Hapo nikaona dagaa, nikaona wanawake, nikaona mchanga na mvua. Zaidi ya yote, nikaona dai. Kwa mujibu wa mwandishi huyu, kinachowazuia wanawake kuanika juu ya kichanja badala ya mchangani ni bei ya mbao. Nilifungua rasimu nikaitafuta hoja hiyo. Ilikuwa ukurasa wa sabini na kitu, katikati ya aya, na mapendekezo yaliyofuata yalisema wanawake wakopeshwe fedha za mbao.

Akautuma ujumbe. Hatujafika Rugezi, mama akajibu kwa sauti, upepo wa ziwa ukisikika nyuma yake. "Mwanangu, mbao tungechangishana. Shida ni mahali. Hapa ufukweni mimi natandaza kwa siku na nalipia. Nikijenga kichanja leo, kesho mwenye eneo akisema ondoka, nitakibeba kichwani?"

Mpwa wangu alikaa kimya. Kisha akatoa daftari lake la mahojiano, akaanza kulifunua pale pale juu ya kivuko. Wanawake watatu, katika mialo tofauti, walikuwa wamemwambia jambo lile lile la eneo. Alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini lilipofika kwenye rasimu lilimezwa na "muktadha wa kijamii na kiuchumi wa maeneo husika".

Hili, ndugu msikilizaji, ndilo ninalotaka tulishike leo. Wengi wanadhani ufupi ni adabu kwa msomaji mwenye haraka. Ni kweli, lakini faida kubwa zaidi ni ya mwandishi. Sentensi fupi inamlazimisha atoe dai lake hadharani, mahali ambapo mtu anayeijua kazi anaweza kumwambia, "Hapo umekosea." Sentensi ndefu ya kisomi haikosei kamwe, kwa sababu haisemi kitu. Kurasa tisini zilipita mikononi mwa watu wasomi bila yeyote kuligusa kosa lile. Herufi 122 zilisahihishwa na mwanika dagaa kabla kivuko hakijavuka.

Tunao mfano mkubwa wa jambo hili katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friza, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akaiita hiyo fizikia ya Mpemba. Siku moja Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akafika kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama akauliza. Kwa maneno yangu, swali lake lilikuwa hivi:

"Vyombo viwili, maji kiasi kimoja: kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100. Vyote kwenye friza. Kwa nini cha moto kinaganda kwanza?"

Hata 140 hazifiki. Wenzake walimcheka. Lakini swali lilikuwa limenyooka kiasi kwamba mwenye friza yeyote angeweza kulijaribu, na Osborne alirudi Dar es Salaam akalijaribisha. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na kichwa cha makala kilikuwa neno moja tu na alama ya kuuliza. Wanasayansi wamebishana tangu hapo. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Burridge na Linden, waliandika kwamba wao wamepima na hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Ubishi huo wote umewezekana kwa sababu kijana alisema kitu kinachobishika. Angesimama siku ile akauliza kuhusu "masuala mtambuka ya ugandaji wa vimiminika", leo tusingemjua.

Vyuo vikuu vyenyewe vimelitambua hili. Mwaka 2008 chuo kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha shindano ambamo mwanafunzi wa uzamivu anaeleza utafiti wake wa miaka kadhaa kwa dakika tatu na picha moja. Shindano limeenea nchi nyingi.

Sasa, kwa wenye watoto vyuoni, na kwa wanafunzi wenyewe, njia ni hii. Kwanza, chagua mtu mmoja halisi anayeguswa na utafiti wako, mtu mwenye jina na kazi. Pili, mwandikie kwa lugha anayoiongea nyumbani, hata kama ripoti itakuwa ya Kiingereza. Kiingereza cha vyuoni kina maficho mengi mno. Tatu, usizidi herufi 140. Nne, ndani yake awepo mtenda na tendo. Tano, mpelekee, usubiri ajibu. Ukimaliza hapo, fanya vivyo hivyo kwa kila sura. Zipange jumbe zako tano au sita kwa mfuatano uzisome kwa sauti. Zikisimulia jambo moja, una ripoti. Zisiposimulia, kuongeza kurasa hakutakusaidia.

Lakini nitoe tahadhari mbili. Kukata herufi hakuleti ufupi. Kijana anayeandika "xaxa" badala ya "sasa" hajafupisha wazo lake hata kidogo, amelivalisha kaptula tu. Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi: ujumbe wa herufi 140 hubeba dai, haubebi ushahidi. Maneno kama "huenda", "katika mialo hii mitatu", "kwa msimu huu" hayapati nafasi pale, na bila hayo elimu inageuka umbea. Kurasa tisini zina kazi yake, ambayo ni kuonyesha kwamba sentensi ile moja inastahili kuaminiwa, na kwa kiasi gani.

Na yako mambo yanayodai urefu. Kule kule Ukerewe tulikokuwa tunavukia, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 hadithi yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe, ili mila na lugha ya watu wake visipotee. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Nani angethubutu kumwambia mzee yule afupishe? Hata hivyo, kamuulize aliyeisoma inahusu nini. Atakwambia ni mume na mke wanaopendana na wanaotafuta mtoto. Urefu wa Kitereza umejengwa juu ya uti wa mgongo ulionyooka.

Mpwa wangu ameandika upya sura mbili. Msimamizi bado hajajibu, kwa hiyo sina ushindi wa kuutangazia. Ninachojua ni kwamba pendekezo la mikopo ya mbao limeondoka, na badala yake anaandika kuhusu maeneo ya kudumu ya kuanikia. Siku moja ripoti yake inaweza kufika kwenye meza ya mtu mwenye uwezo wa kuamua. Ingefika ile ya kwanza, wanawake wa mwaloni wangekopeshwa mbao za kujengea juu ya ardhi isiyo yao, na deni wangelilipa wao.

Ndiyo maana nasema, msomi, kabla hujauandikia ulimwengu kurasa tisini, mwandikie mama yako sentensi moja. Kisha mwache akujibu.

Hadi wiki ijayo, kwa heri.