Uchujaji wa Orodha za Lugha katika Programu za Wavuti: Mfano wa Arua na Koboko

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Koboko inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, na Walugbara wa Arua wana ndugu zao upande wa Kongo. Sambamba na Kikakwa na Kilugbara, eneo hili lina wazungumzaji wa Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kiswahili na Kiingereza. Makazi ya Lobule wilayani Koboko yanahifadhi wakimbizi kutoka Kongo, ilhali Rhino Camp inahifadhi hasa wale wa Sudan Kusini. Katika mazingira haya, kumpata mkalimani anayefaa hutegemea orodha, na orodha inapowekwa katika hifadhidata hutegemea uchujaji. Makala haya yanaeleza uchujaji huo katika Django, kiunzi cha programu za wavuti kilichotolewa kwa umma mwaka 2005, na kuonesha kuwa baadhi ya maamuzi yake ni ya kiisimu.

2.0 Masharti Mawili, Maswali Mawili

Amri ya kuchuja katika Django haileti data papo hapo. Huunda swali, ambalo hutumwa kwenye hifadhidata pale tu matokeo yanapohitajika. Kwa hiyo masharti yanaweza kuongezwa moja juu ya jingine. Hata hivyo, namna ya kuyaongeza hubadili maana pale rekodi moja inapohusishwa na nyingine nyingi.

Chukulia mkalimani mwenye rekodi mbili za lugha: Kilugbara kwa kiwango cha juu na Kikakwa kwa kiwango cha chini. Masharti "lugha ni Kikakwa" na "kiwango ni cha juu" yakiwekwa katika amri moja, lazima yatimizwe na rekodi ileile ya lugha. Mkalimani huyu hatatokea. Yakiwekwa katika amri mbili zinazofuatana, sharti la kwanza hutimizwa na rekodi ya Kikakwa na la pili na ile ya Kilugbara, naye atatokea. Kompyuta haitoi onyo lolote. Mgonjwa anayezungumza Kikakwa ndiye atakayeligundua kosa hilo, akiwa mbele ya daktari.

3.0 Majina, Herufi na Misimbo

Tatizo la pili ni ulinganishaji wa maandishi. Lugha moja inaweza kuandikwa "Swahili" na karani mmoja na "Kiswahili" na mwingine. Sharti linalotafuta maneno yanayoanza na "Swahili" litaliacha jina lenye kiambishi ki-. Vivyo hivyo, tahajia ya Kilugbara hutumia alama ya ritifaa kabla ya baadhi ya konsonanti, kama katika neno 'ba, yaani watu. Katika Unikodi alama hiyo inaweza kuwa U+0027, U+2019 au U+02BC. Kwa jicho zinakaribiana. Kwa sharti la usawa kamili ni herufi tatu tofauti.

Misimbo ya ISO 639-3 hupunguza utata huo: lgg kwa Kilugbara, keo kwa Kikakwa, kcn kwa Kinubi. Lakini Kiswahili kina swa kama lugha kuu, chini yake swh na swc, ambayo ni Kiswahili cha Kongo. Mchujo wa swh pekee utawaacha nje wote walioandikishwa kwa swc, pengine hata pale ambapo wangeelewana vizuri na mhitaji.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kadiri kinavyoingia ofisini, ndivyo masuala haya yatakavyozidi kuwa na uzito. Inapendekezwa kwamba lugha ichaguliwe kutoka orodha ya misimbo badala ya kuandikwa kwa mkono; ritifaa zisawazishwe kabla ya kuhifadhiwa; uhusiano wa swh na swc uamuliwe na wanaisimu pamoja na wazungumzaji; na kila mchujo ujaribiwe kwa rekodi ambazo jibu lake linajulikana tayari. Orodha tupu si ushahidi kwamba mkalimani hayupo. Huenda yupo Koboko, ila ameandikwa kwa herufi ambayo swali halikuitambua.