Sarafu ya Kale Isomwe Pale Ilipolala

Mashine ya kutafuta vyuma ardhini hujibu swali moja tu: je, hapa chini pana kitu kinachopitisha umeme? Ndani ya kichwa chake cha duara mna koili ya waya. Mkondo wa umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde hupita humo na kuzusha uga wa sumaku unaopenya mchangani. Uga huo ukikuta sarafu, huamsha ndani yake mikondo midogo, nayo huzusha uga wake yenyewe. Koili ya pili huunasa, na mashine hulia. Kwa kupima jinsi mwitiko huo unavyochelewa, mashine hukisia aina ya metali, ila pete nyembamba ya dhahabu na kifunguo cha kopo la soda huweza kutoa mlio unaofanana. Kwenye fukwe za Dubai, mchanga uliolowa maji ya bahari nao hupitisha umeme, hivyo mashine za kawaida hulia hata pasipo na kitu. Kifaa hiki kinafaa sana kutafutia pete iliyodondoka jana. Hakifai kumpeleka mtu binafsi kuchimbua sarafu ya kale, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu tunayoitaka haimo katika metali ya sarafu. Imo katika mchanga unaoizunguka.

Tazama reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 28 hivi, iliyozunguka Ghuba, Ethiopia na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Zanzibar. Karibu kila reale imeandikwa 1780, mwaka aliofariki mtawala huyo wa Austria, hata zile zilizopigwa London na Bombay katika karne ya 20. Aliyeishika mkononi bila kujua ilikotoka hawezi kusema kwa kuisoma tarehe yake ilianguka lini. Rupia ya India nayo ilitumika Dubai na Zanzibar pia, hivyo rupia moja iliyookotwa haisemi kama ilivuka bahari kutoka Bombay au ilipitia Unguja kwanza. Lakini sarafu ikikutwa chini ya sakafu ambayo haijavurugwa, tunajua sakafu hiyo haikujengwa kabla sarafu haijapigwa. Ikikutwa pamoja na vigae vya vyungu, shanga na mkaa, kila kimoja husaidia kukipa kingine umri. Ushahidi huo wote hukaa katika tabaka, na koleo likipita mara moja tu, tabaka haliwezi kurudishwa.

Sarafu za Kilwa zinathibitisha hoja hii kuliko mfano mwingine wowote. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye ufuo wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Miaka mingi baadaye tano kati yake zikatambuliwa kuwa za shaba za Kilwa. Alipaonyesha mahali hapo kwenye ramani, lakini hapakuwa na rekodi ya tabaka wala ya vitu vilivyolala kando yake. Ndiyo maana mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu nani alizifikisha huko, na lini. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi. Kwa kuwa zilikutwa pamoja na kurekodiwa pamoja, tarehe za dinari zilitoa umri wa hazina nzima, nazo zikatuonyesha kwamba watu wa pwani walikuwa na fedha yao wenyewe katika karne ya 11. Sarafu za Wessel zilisafiri mbali zaidi, lakini za Mtambwe ndizo zilizotufundisha mengi.

Wapo watakaosema Dubai ni mji mpya, na udongo wa bustani zake umeletwa kwa malori ili nyasi ziote, basi hakuna tabaka la kuharibu. Kuhusu udongo wa juu hawakosei: mara nyingi kilichomo humo ni dirhamu iliyopotea baada ya 1973, fedha hiyo ilipoanza. Lakini chini ya udongo huo ardhi ya asili bado ipo. Kituo cha misafara cha zama za Waabbasi, chenye mabaki ya msikiti na nyumba, kiligunduliwa mwaka 1969 Jumeirah, mahali ambapo leo pamezungukwa na makazi ya watu. Saruq al-Hadid, karakana ya metali ya Zama za Chuma, ilijulikana mwaka 2002 tu, ikiwa imefunikwa na matuta ya mchanga. Pete ya dhahabu iliyopatikana huko ndiyo iliyozaa nembo ya Expo 2020. Ardhi ambayo ilificha mambo kama hayo hadi juzi haitupi ruhusa ya kudhani kwamba hakuna kilichobaki.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: sarafu ikiachwa chini itaoza, basi heri aliyeitoa. Kemia inasema vingine. Shaba iliyokaa muda mrefu katika mchanga wa chumvi hujenga ganda, na kuliwa kwake hupungua kasi. Ikitolewa, kloridi iliyojificha chini ya ganda hukutana na unyevu na oksijeni, asidi hutokea, asidi hula shaba, kisha kloridi huwa huru kuanza upya. Hewa ya Dubai wakati wa kiangazi ina unyevu mwingi, na sarafu iliyotunzwa kabatini bila matibabu ya maabara inaweza kugeuka unga wa kijani. Wengine hutaja Uingereza, ambako tangu 1997 watafutaji wenye mashine hizi wamesaidia kurekodi vitu zaidi ya milioni moja. Mafanikio hayo ni ya kweli, lakini yalitokana na idhini ya mwenye ardhi, mashamba ambayo jembe lilishayavuruga, na maafisa wanaoandika kila kitu kilipookotwa. Kilicholeta faida ni kumbukumbu. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya shirikisho ya mwaka 2017 kuhusu mambo ya kale inakataza kuchimba bila kibali.

Mwafrika Mashariki anayeishi Dubai ana sababu ya ziada ya kulijali jambo hili, kwa kuwa historia iliyomo katika mchanga huo ni yake pia. Majahazi yaliyounganisha Ghuba na Lamu, Mombasa na Unguja yalibeba fedha pamoja na tende na boriti. Ukiona kitu cha kale, usikichomoe wala usikisafishe. Kipige picha, andika mahali kilipo, kisha wajulishe wenye mamlaka ya urithi. Akiokota sarafu, mtu mmoja hupata kitu cha kuweka kabatini. Ikisomwa pale ilipolala, huenda ikatuambia nani alifanya biashara na nani, na wakati gani, nasi wa pwani zote mbili tukapata sura ya historia ambayo haijaandikwa kwingine.