Ua la Shaba na Mboga za Mezani

Kusini mwa Kongo, Katanga, msitu wa miombo una tabia ya kukatika ghafla. Miti inaisha, na mbele yako kinasimama kilima chenye nyasi fupi na maua ya zambarau, bila mti hata mmoja. Hapo hapakufyekwa na mtu. Shaba imekaribia uso wa ardhi, na miti imeshindwa.

Udongo wa kawaida huwa na miligramu chache tu za shaba kwa kila kilo, makumi hivi. Kwenye vilima hivyo, kuna mahali kipimo kinapita 10,000. Panda mahindi hapo uone: mizizi inadumaa, utando wa seli zake unatoboka, majani yanageuka manjano kwa kukosa chuma. Hata hivyo wanabotania wameorodhesha aina zaidi ya 600 za mimea inayoishi juu ya udongo huo, na baadhi yake haioti kwingine kokote duniani.

Maarufu kuliko yote ni Haumaniastrum katangense, ambao Wabelgiji waliuita ua la shaba. Ni wa ukoo mmoja na mrihani na kivumbasha. Mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud alichapisha utafiti wake juu ya mimea ya udongo wa madini Katanga mwaka 1958, na baada yake watafutaji wa madini hawakuwa peke yao kulifuata ua hili. Wanaakiolojia nao walilifuata, kwa sababu huota pia mahali palipokuwa na matanuri ya zamani, pale wahunzi walipoyeyusha shaba na kuisubu kuwa misalaba iliyotumika kama fedha. Matanuri yamezikwa karne nyingi, lakini mabaki ya shaba ardhini bado yanachagua kipi kiote na kipi kisiote.

Mmea hauwezi kuhama, kwa hiyo unapambana na sumu papo hapo ulipo. Njia ya kwanza ni kuizuia mlangoni. Kuta za seli za mizizi hunasa metali, na fangasi wanaoishi kwa ubia na mizizi hubaki na sehemu yao. Kinachopenya hukutana na njia ya pili. Mwaka 1985 wanasayansi wa Munich, Ujerumani, walieleza vijinyororo vidogo vyenye salfa ambavyo mmea huviunda mara tu unapohisi kadimiamu au shaba ndani yake. Vijinyororo hivyo, fitokelatini, huikamata metali na kuifunga, kisha mzigo husukumwa kwenye vakuoli, stoo ya seli, ambako hauwezi kuvuruga kazi nyingine.

Ipo njia ya tatu, ya ajabu zaidi: kuipandisha metali hadi kwenye majani na kuirundika huko. Katika kisiwa cha New Caledonia kuna mti, Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake ni wa kijanibuluu, na ukikaushwa, takriban robo ya uzito wake ni nikeli. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba majani yenye sumu hayaliwi na wadudu.

Kwa miaka mingi ua la shaba nalo liliwekwa katika kundi hilo la walimbikizaji. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza mimea ya Katanga waliyaosha majani kwa uangalifu kabla ya kuyapima, na sehemu kubwa ya shaba ikaondoka na maji. Ilikuwa vumbi! Mimea mingi iliyosifiwa kwa kula shaba inaibakiza mizizini. Isitoshe, majaribio ya kwenye vyungu yalionyesha ua hili likistawi vizuri zaidi likipewa shaba, na dhana mojawapo ni kwamba shaba inawaua fangasi wa udongo wanaoishambulia mizizi yake. Labda basi halikuipenda shaba, liliwakimbia maadui.

Nimekawia kwenye jambo la vumbi kwa sababu linatupeleka moja kwa moja sokoni. Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na moshi wa bomba lake ukaua miombo upande unakoelekea upepo. Kando ya jiji hilo wakulima wanalima lengalenga, yaani mchicha, na mboga nyingine za majani. Utafiti wa mwaka 2009, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na Leuven cha Ubelgiji, ulipima mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, ukakuta kobalti nyingi mno, kwa watoto hasa. Vumbi na chakula ni miongoni mwa njia zake za kuingia mwilini.

Hapa ndipo jicho la mnunuzi linapodanganywa. Shaba ikizidi, mmea huumia kabla ya mlaji. Mchicha wenyewe unapauka na hauuziki. Risasi nayo kwa kawaida hukwama mizizini, na iliyo kwenye jani mara nyingi imetua na vumbi. Kadimiamu ni balaa jingine. Mmea hauna kazi nayo, lakini inapita kwenye milango ileile ya chuma na zinki, inapanda hadi majanini, na mchicha unabaki kijani kibichi, mnene, wa kuvutia, huku umeshavuka kiwango cha kuliwa kwa usalama. Walaji wa mboga za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako maji machafu humwagilia bustani, wana sababu ya kulifikiria hili.

Udongo uliochafuka unaweza kutulizwa. Chokaa hupunguza asidi, na uwezo wa metali nyingi kuyeyuka hupungua; mboji huzishika. Kwenye ardhi iliyounguzwa na moshi wa Lubumbashi, watafiti walitumia vitu hivyo pamoja na Microchloa kunthii, nyasi fupi inayostahimili shaba, ili kuzuia vumbi lisipeperuke. Napendezwa na mpango huo kuliko ndoto ya kupanda mimea ifyonze sumu yote, kwani kwa udongo wa aina hiyo kazi ingechukua vizazi.

Mkulima naye hahitaji kungoja. Penye shaka, nyanya na matunda mengine kwa kawaida hubeba metali kidogo kuliko mboga za majani. Kuosha vizuri huondoa vumbi, ingawa hakugusi kilicho ndani ya jani. Na anayepeleka sampuli maabara apeleke mafungu mawili ya mboga ileile, moja limeoshwa na jingine halijaoshwa, ili ajue tatizo lake ni la upepo au la ardhi.