Ukifika Athens na mfuko mwepesi, kimbilia feri ya Aegina

Ukitajiwa visiwa vya Ugiriki, najua kinachokujia kichwani. Nyumba nyeupe pepepe, kuba za buluu, jua likizama na umati umeinua simu kulipiga picha. Hiyo ni Santorini, na sikatai, ni kuzuri. Lakini hebu nisikize kidogo. Kutoka bandari ya Athens hadi Santorini ni saa tano hivi ukipanda boti ya kasi, na feri ya kawaida inaweza kula saa nane. Huwezi kwenda na kugeuza siku hiyo hiyo, kwa hivyo utalipia kitanda, na vitanda vya Santorini msimu wa joto havina huruma na mtu.

Sasa nikuulize: una siku ngapi? Una ganji ngapi?

Mimi nilikuwa na siku kumi za Septemba na pesa za kuhesabu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo najikimu kwa kuandika na kupiga picha kwenye harusi za watu. Nauli ya ndege niliiwekea akiba karibu miaka miwili. Viza ya Shengeni nayo ina ada ya euro 90, ambayo hairudi hata ukinyimwa, na bado unatakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ukishapita hapo yote, kila euro inayobaki unaishika kwa mikono miwili.

Mwenyeji wangu alikuwa binti ya mamangu mdogo. Huu ni mwaka wake wa sita Athens. Anamtunza nyanya mmoja Mgiriki aliyepita miaka 80, na analala huko huko kazini. Mapumziko yake ni Jumapili pekee, na Jumatatu saa moja asubuhi sharti awe amerudi, kwa sababu binti ya yule nyanya, anayekuja kumshikia zamu, huondoka muda huo kwenda kazini kwake. Mkataba wa kazi hiyo ndio unaobeba kibali chake cha kuishi kule. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi si jambo la mzaha.

Nilipomuuliza kisiwa gani kizuri, aliangua kicheko. "Wewe nawe! Mimi sijawahi kupanda hiyo feri hata siku moja. Jumapili naenda kanisani, nasonga ugali, nalala."

Miaka sita, na bahari iko pale reli inapoishia!

Nikamwambia, dadangu, Jumapili hii tunaenda. Akauliza tutarudi saa ngapi. Nikamwambia mapema. Akauliza tena.

Ndiyo maana nataka uvijue visiwa vya Ghuba ya Saroniki. Viko mlangoni mwa Athens: Salamina, Aegina, Agistri, Poros, Hydra na Spetses. Hivyo vya karibu unaenda asubuhi, unaogelea, unakula, na usiku unalala kwako.

Mambo huenda hivi. Sisi tulipanda treni kituo cha Victoria, karibu na mtaa wa Kypseli ambako Waafrika wengi wanaishi, tukashuka mwisho wa laini, Piraeus. Tiketi ni euro 1.20 na inakutosha dakika 90. Bandari ya Piraeus ni kubwa ajabu, na mageti yake yana herufi E na nambari. E1 iko mbali kiasi kwamba kuna basi la bure la kukupeleka, lakini visiwa vyetu hivi huondokea E8, ambako ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka kituoni. Beba pasipoti, maana tiketi inaandikwa jina lako.

Hapo utapewa chaguo mbili. Kuna feri kubwa, ile inayobeba hadi malori, ambayo hufika Aegina kwa saa moja na robo. Kisha kuna boti za kasi, zile zinazoinuka juu ya maji zikishika mwendo, ambazo hutumia dakika 40 tu na nauli yake iko juu zaidi. Kwenda tulichukua feri kubwa. Kurudi, kwa sababu dadangu aliuliza saa mara ya nne, nikajifanya mjanja nikakata boti ya kasi ya saa kumi na moja jioni. Kumbuka hapo, tutarudi.

Kwenye feri panda sitaha ya juu kabisa. Wagiriki wanakaa na kahawa baridi mkononi, shakwe wanafuata nyuma, Athens inabaki kuwa kama mchele mweupe uliomwagika mlimani. Dadangu hakukaa chini safari nzima. Alishika ukingo akitazama mbele, mtandio unapepea, na mimi nikaiacha kamera kwenye begi. Kuna picha hupigi.

Aegina si kisiwa cha kujipodoa. Ukishuka unapokelewa na kanisa dogo jeupe la Mtakatifu Nikolaos pale kwenye gati, halafu vibanda vya pistashio, vingine na vingine tena. Njugu hizo ndizo jina la kisiwa. Huvunwa kuanzia Agosti hadi Septemba, kwa hivyo tulizikuta mpya, na muuzaji anakupa uonje kabla ya kununua. Mji wenyewe umebeba historia nzito kuliko unavyoonekana. Mwaka 1828 Ioannis Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa Ugiriki huru, aliapishwa hapa, na kwa muda mfupi mji huu ulikuwa makao makuu ya nchi.

Kutoka bandarini kuna basi la kwenda Agia Marina. Mwambie dereva akushushe kwenye hekalu la Aphaia. Ni hekalu la takriban mwaka 500 kabla ya Kristo, juu ya kilima chenye misonobari, na nguzo nyingi bado zimesimama. Kinachokosekana ni sanamu zake za mashujaa waliokuwa wamejipanga chini ya paa. Mwaka 1811 kundi la vijana kutoka Ulaya, akiwemo msanifu Mwingereza Charles Robert Cockerell, lilizichimbua na kuzisafirisha. Leo ziko Munich, Ujerumani. Kama unajua jinsi vigango vya Wamijikenda vilivyong'olewa vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, utasimama hapo na utaelewa bila kuelezwa.

Tulikula samaki na pweza wa kuchoma kando ya maji. Dadangu alilipa, akakataa kata kata nisitoe hata sumni. "Wewe ni mgeni wangu," akasema, naye pia ni mgeni wa kisiwa!

Saa tisa upepo ukaanza. Mara ya kwanza ulikuwa mtamu, ulitupoza. Kufikia saa kumi vitambaa vya meza vilikuwa vinaruka na maji ya bandarini yamegeuka meupe. Tulipofika gatini tukapata karatasi imebandikwa kwa Kigiriki. Dadangu akaisoma, akanyamaza. Boti za kasi zote zimefutwa.

Hapa ndipo ningependa unisikie vizuri. Boti za kasi ni nyepesi, na upepo ukizidi huwa za kwanza kusimamishwa. Feri kubwa huendelea hadi hali ichafuke sana, ndipo mamlaka za bandari hupiga marufuku safari zote. Wagiriki wana neno lake, apagoreftiko. Ukilisikia neno hilo, tafuta pa kulala.

Sisi hatukuwa tumelisikia bado. Lakini ilikuwa Jumapili jioni, nusu ya Athens ilikuwa inarudi nyumbani, na abiria wote wa boti za kasi sasa walikuwa kwenye foleni ya feri moja. Nikamtazama dadangu. Hakunilaumu. Alikuwa anahesabu kwa vidole: saa za usiku, treni ya kwanza, saa moja asubuhi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nisipofika, huyo nyanya hana wa kumpa dawa." Sikuwa na jibu. Nilienda nikasimama kwenye foleni.

Tulipata tiketi. Feri ikaondoka saa kumi na mbili na nusu ikiyumba kama matatu ya usiku barabara ya Kitengela, na watoto wakatapika. Pesa za boti tulikuja kurudishiwa baadaye. Saa tatu kasoro tulikuwa Piraeus, na usiku huo dadangu alilala akiwa amevaa viatu. Jumatatu saa moja alikuwa mlangoni.

Vile visiwa vingine nitakupa upesi. Salamina ni ya aliyefilisika kabisa: unavuka kutoka Perama kwa robo saa hivi, kama Likoni, na mbele yako ni maji yale yale ambamo Wagiriki waliwapiga Waajemi mwaka 480 kabla ya Kristo. Agistri, jirani ya Aegina, ni kadogo, kana misonobari na maji ya kijani unayoona mawe chini. Hydra nilienda peke yangu Jumatano. Ni karibu saa mbili kwa boti ya kasi, na nauli iliniuma. Huko magari ni marufuku isipokuwa machache kama ya taka, na mizigo inabebwa na punda na nyumbu. Mtu wa Lamu atacheka, atasema hii tunayo. Tofauti ni kwamba ya Hydra imejaa boti za matajiri, na mwaka 1960 mwanamuziki Leonard Cohen, yule wa Hallelujah, alinunua nyumba huko kwa dola 1,500. Usijaribu kuuliza bei ya sasa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimerudi Nairobi. Saa nne hivi simu ikalia: picha ya miguu miwili ndani ya maji ya kijani. Chini yake dadangu ameandika: "Niko Agistri, peke yangu. Ya kurudi ni saa kumi, ile feri kubwa. Nimewauliza mara tatu."