Fahamu: Kwa nini mfuko wa plastiki hauozi

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Hoja yenye nguvu zaidi ya kuzitetea sheria hizo imo katika kemia. Mfuko huo ni polithini, polima itokanayo na gesi ya ethilini: kifungo maradufu kati ya kaboni mbili hufunguka, na maelfu ya molekuli hushikana kuwa mnyororo mrefu wa kaboni. Selulosi ya karatasi au katani nayo ni polima, lakini glukosi zake zimeunganishwa kupitia oksijeni, na bakteria na kuvu wana vimeng'enya vinavyokata kiungo hicho kwa msaada wa maji. Mnyororo wa kaboni tupu hauwapi mahali rahisi pa kukata. Jua huupasua tu kuwa chembechembe.

Wapo wanaosema sayansi itatuokoa, kwa kuwa mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria anayekula plastiki. Ni ugunduzi mkubwa, ila bakteria huyo hula plastiki ya chupa za maji, yenye viungo vya esta ambavyo polithini haina. Wengine hutaja plastiki itokanayo na wanga wa mahindi. Hiyo nayo huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la takriban nyuzi 60, si kwenye mtaro wa mtaani wala baharini. Kwa hiyo, kuzuia mfuko usitengenezwe ni busara kuliko kusubiri uoze, na sheria hizi zinastahili kusimamiwa kwa dhati.